Mtu Aliye Ndani ya Mgongo

Iko asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo bado natembea nayo, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nimerudi nyumbani kwetu Bomet kungoja kupangiwa shule, nikamkuta mama amepinda mgongo kama mundu. Baba alikwisha kufariki. Baba mdogo, aliyeachiwa neno la mwisho juu ya shamba, alikuwa ametamka waziwazi: mvua zikikatika kabla mama hajaweza kubeba kapu vizuri, michai itang'olewa, yapandwe mahindi. Michai ile mama aliipanda kwa mikono yake alipokuwa bibi harusi. Ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha hata siku alizoshindwa kusimama.

Chini ya shamba letu barabara ilikuwa ikiwekwa lami. Miongoni mwa wapimaji alikuwamo mzee mmoja wa Kichina, ambaye watu walimbandika jina Arap Lami, yaani mwana wa lami. Kila alfajiri alisimama kando ya michai, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kana kwamba amekumbatia pipa, uti wa mgongo umenyooka. Wachuma majani walimtania walivyotaka. Yeye alipumua tu.

Asubuhi hiyo mama alipita mbele yake na kapu lake, akiyumba.

"Mama!" akaita kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Mgongo hapana kunja! Chi hapana pita!"

"Chai?" mama akashangaa. "Chai si ndiyo hii nimebeba mgongoni?"

"Muelewe, Mama Chebet," jirani yetu akadakia. "Huyo anataka chai ya mkononi. Ameshaijua Kenya!"

Vicheko vikalipuka, naye akacheka pamoja nasi ingawa hakuelewa. Kisha akauokota mpira waliojazia mapipa yao maji, akaukunja, maji yakakatika. Akaunyoosha, yakatiririka. Akajigusa mgongo, kutoka kiunoni hadi kisogoni. Hapo nikaelewa. Kwa wazee wa kwao, kama nilivyokuja kusoma baadaye, chi ni nguvu ya uhai itiririkayo mwilini, na uti wa mgongo ni mfereji wake mkuu. Ukiukunja siku zote, uhai hukwama pale ulipokunjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nami, kwa bidii ya mtu aliyetoka chuoni juzi, nikaugeuza mgongo wa mama kuwa somo. Tulikuwa na fito ambayo hulazwa juu ya michai wakati wa kuchuma, ili meza ya majani, yaani uso wa juu wa michai, ibaki sawa. Nikaisimamisha nyuma yake. "Mama, nyoosha! Mabega! Kidevu!" Mama, ambaye hakuwahi kunikatalia neno tangu niingie chuoni, alijikaza kama nguzo ya seng'enge. Wiki haikuisha kabla ya kushindwa kuinuka kitandani.

Kogo, bibi yetu mzaa baba, alikuja akaketi kando yake, akanitazama.

"Weka hiyo fito chini. Huyu ni mama yako au ni ng'ombe wa kupelekwa dipu kuogeshwa?"

"Kogo, namfundisha alichosema Arap Lami."

"Alisema nini?"

"Kwamba chi haipiti."

"Chi?" Kogo akatabasamu. Katika Kikipsigis chetu, mwanangu, chi ni mtu. "Basi amesema kweli. Mtu hapiti. Wewe umeshika mgongo; mwenye mgongo umemwacha wapi? Umemuuliza anabeba nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilipouliza, mama alilia kwanza, ndipo akasema: tangu baba azikwe, alikuwa akilishindilia kapu kupita kiasi ili baba mdogo asipate la kusema.

Tukaanza upya. Nusu kapu, safari mbili. Bandu bandu huisha gogo. Alfajiri nilisimama ubavuni pake, magoti yetu yamelegea, pumzi ikishuka taratibu hadi tumboni, kichwa kana kwamba uzi unakivuta juu. Sisemi kwamba kusimama kulishinda hospitali. Dawa za daktari alizimeza pia. Nasema nilichokiona: mfereji ulifunguka kidogo kidogo, na mtu akapita.

Mvua zilipokatika, baba mdogo alikuja na jembe begani. Alimkuta mama katikati ya michai, kapu mgongoni, akiimba wimbo wa kanisani. Akasimama akimtazama.

"Shemeji," akasema, "kumbe wewe ni mrefu hivi?"

"Siku zote," mama akamjibu, vidole vikiendelea kuchuma.

Jembe lile lilirudi kwa mwenyewe bila kugusa udongo wetu.

Kwa hiyo, mwanangu, uheshimu uti wako. Ukae umenyooka unaposoma, usimame umenyooka unapochuma, na usiikate pumzi yako kwa haraka ya dunia. Kumheshimu mkubwa hakukudai uishi umejikunja. Mwinamie kwa salamu, kisha uinuke. Na utakapomwona mwenzako amepinda, usianze kwa kumwamuru anyooke. Kwanza shika upande mmoja wa kapu lake, umuulize limejaa nini.

Mungu akusimamishe wima mbele ya watu, akulegeze magoti mbele zake, na kila mzigo utakaoubeba njiani, akuletee wa kukupokea.