Mkanda wa Sita Kabla ya wa Tano

Hadi anazeeka, Bi Giza hakuacha kutazama kona ya juu, mkono wa kulia. Ukimpa picha ya harusi, jicho lilianzia pale kabla ya kumfikia bi harusi. Hata ukimsemesha ana kwa ana, jicho lake lilipanda juu ya bega lako, likangoja kidogo, ndipo likashuka. Wageni walidhani anawadharau. Ndugu zake walijua ni kazi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akiendesha mashine katika jumba la sinema, na filamu za enzi zile zilikuja zimegawanywa mikanda saba au minane, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati. Mkanda ukikaribia kwisha, kidoa cheupe kinatokea kwenye kona ile, kufumba na kufumbua kimepotea. Hapo unaiwasha mashine ya pili. Kidoa kingine kikitokea, unabadilisha. Ukikosa, ukumbi mzima unakupigia miluzi na kumtukana mama yako.

Jina la Bi Giza alipewa na watazamaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyezima taa. Wanaume wa kazini walikuwa na jina lao jingine, halisemeki mbele ya watoto. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika mashine pale, na kila alipopanda zile ngazi za chuma, alijua kuna mtu chini anayeomba akosee.

Aliyempelekea dawa za moyo kila Jumapili alikuwa mfamasia, binti wa mdogo wake wa kiume. Huwezi kusema walipendana. Mfamasia alihesabu vidonge, shangazi akalalamikia chai, na saa moja ikaisha. Lakini Jumapili ile mfamasia alikuja na jambo. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi uliofuata, na babu wa bibi harusi, baba yake mfamasia, mzee fundi saa, alikuwa ametoa neno lake: mke wake wa zamani akiingia ukumbini, yeye anatoka.

"Miaka thelathini na mbili, shangazi. Mama kazeeka, baba kazeeka. Mtoto anataka kuwaona wote wawili wamekaa. Basi tu."

"Baba yako ana kichwa kigumu tangu kuzaliwa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, ninajua."

"Na yote kwa sababu ya filamu."

Bi Giza aliweka kikombe chini.

Ilikuwa filamu ya vita na mapenzi. Mwanamke mkalimani, kumbe jasusi, anatumwa katika mji uliotekwa ili aibe ramani ya daraja kwa ofisa mmoja wa adui. Wanapendana, wanafunga ndoa katika nyumba iliyobomolewa paa, na mwisho daraja linalipuliwa huku mume akiwa juu yake, mke akikimbia na kuita. Mji mzima uligawanyika. Walioiona Alhamisi, siku ya kwanza, walisema yule ni nyoka: kaolewa leo, kesho yake kamuuza mumewe. Walioiona Jumamosi walilia. Kwao, mwanamke aliwapa waliomtuma ramani wakati ofisa ni adui tu, ndipo akampenda, na alikimbia darajani ili amwokoe. Vinyozi waligombana na wateja wakiwa na wembe mkononi.

Fundi saa aliiona Alhamisi. Mkewe, ambaye alibaki na mtoto mwenye homa, aliiona Jumamosi. Wakagombana mezani, kwanza kwa utani.

"Kwa hiyo wewe unamtetea," alisema mume.

"Alitaka kumwokoa."

"Nimeona kwa macho yangu akimuuza. Ama wewe unaniona kipofu?"

Kila mmoja alijua alichokiona, hivyo kila mmoja aliamini mwenzake anamdanganya usoni pake. Fundi saa akaanza kujiuliza ni mwanamke wa namna gani anayetazama usaliti asiuone. Akaanza kupekua mkoba. Akaanza kufika nyumbani saa za ajabu. Baada ya miezi saba, mke alifunga mizigo. Tangu hapo mzee hakumtaja kwa jina. Alimwita Bi Ramani.

"Jumapili ijayo wanaionyesha kwenye televisheni, mchana," mfamasia alisema. "Nimeona kwenye tangazo."

"Waionyeshe. Takataka tupu."

"Shangazi, wewe uliionyesha mara zote. Nani alikuwa na haki?"

Bi Giza alitazama kona ya dari, kisha akasema kwa hasira: "Alhamisi niliweka mkanda wa sita kabla ya wa tano. Makopo yalikuja yamefutika namba. Umefurahi sasa?"

Mfamasia aliipanga mikanda kichwani. Ndoa kwanza, ramani baadaye. Ndivyo baba yake alivyoiona.

"Na ulijua?"

"Nilijua kabla haijaisha. Ijumaa jumba limefungwa, nikayapanga upya. Nani angeniuliza? Kila mtu alidhani filamu yenyewe ndiyo inayochanganya."

"Wazazi wangu walikuwa wanaachana, na wewe unakaa kimya?"

"Ningesema nini, na meneja ana barua ya kunifukuza kwenye droo, anangoja kosa moja aijaze tarehe? Ndoa ya wazazi wako ilikuwa na nyufa, usinibebeshe mimi."

"Basi mwambie baba sasa. Meneja ameshakufa."

"Toka na vidonge vyako."

Jumapili iliyofuata mfamasia alimleta baba yake bila kumwambia kisa. Walikaa watatu katika chumba cha Bi Giza chenye pazia zito, fundi saa kwenye kiti cha mbao, dada yake kitandani kaegemea mito. Filamu ilipoanza, mzee aliguna. "Mnanitesa kwa makusudi." Lakini hakuondoka. Mtu hulilaani kosa la adui yake, ila hachoki kulitazama.

Mwanamke akatoa ramani, mkono wake una bandeji. Halafu mapenzi. Halafu ndoa, mkono umepona. Fundi saa alisogea mbele hadi kiti kikalia.

"Wameibadilisha," alisema.

"Nani, baba?"

"Hawa wa televisheni. Wameikata na kuipanga upya ili mwanamke aonekane mwema. Siku hizi ndiyo tabia yao. Dada, wewe ndiye uliyeionyesha. Ilikuwa hivi?"

Mfamasia alimtazama shangazi yake. Neno moja tu lilitosha, na viti viwili vingejaa harusini. Bi Giza alitazama kona ya juu ya kioo, pale ambapo hakuna kidoa tena.

"Wameibadilisha," alisema.

"Unaona?" Fundi saa alisimama, akavaa kofia. "Hakuna kitu wasichoweza kukiharibu."

Alipokwisha kutoka, mfamasia hakupandisha sauti. 

"Siku ile bandeji ilikuwaje, shangazi? Mkono umepona, kesho yake una jeraha. Mtu anayefungua saa na kuona chembe ya vumbi hakuiona bandeji?"

"Aliiona. Alinifuata nyumbani asubuhi yake kuniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba waliotengeneza ni wazembe."

"Kwa hiyo alikuuliza mapema, bado yuko na mama, ukamdanganya. Na leo tena. Wewe si mtu, shangazi. Ulikaa juu kule gizani ukatutazama sote tukiumizana kama filamu."

Mfamasia akapanga vidonge vya juma zima kwenye kisanduku chake, maana chuki haizuii kazi, akavuta mlango. Hakujua kwamba vya Alhamisi hadi Jumamosi havitakuwa na wa kuvimeza. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje alipoitwa, si kwa jina, bali kwa kijiko kugongwa kwenye kikombe.

Aligeuka. Shangazi yule, aliyenywea katikati ya mito, alikuwa akimtazama usoni moja kwa moja, na jicho halikupanda popote.

"Kamwambie baba yako," alisema Bi Giza. "Lakini ukifika pale pa mkanda wa tano, sema ilikuwa mashine."