Chaki Chini ya Rangi ya Corbridge

Cuthbert Rutter alikuwa seremala wa meli huko Hebburn, kando ya mto Tyne, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akiinamisha macho. Katika kiwanda chetu kila fundi alikuwa na mpaka wake. Mbao zilikuwa za maseremala, mashimo ya chuma yalikuwa ya watoboaji, rangi ilikuwa ya wapaka rangi. Aliyegusa kazi ya mwenzake alisababisha watu waweke zana chini. Kabla ya vita Rutter mwenyewe aliwatoa nje maseremala wote, wakagoma, kwa sababu mtoboaji mmoja, Norrie Laidler, alikata ubao wa kusimamia. Laidler aliomba radhi langoni, kofia mkononi, na Rutter hakuchoka kuisimulia habari hiyo.

Vita vilipoanza tulikuwa tunamalizia manowari iitwayo Corbridge. Ilikuwa katika jamii ya zile ndefu na nyembamba, zinazojengwa kwa ajili ya mbio, za kusindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Waliozichora walianza na injini na matanuri, wakafuatia mizinga na mabomu ya chini ya maji. Mabaharia walipewa nafasi iliyobaki, na ilikuwa ndogo. Kabati aliloliweka Rutter katika chumba chao lilishikiliwa na kiwiko cha chuma kilichopindwa na kufungwa ukutani, na kiwiko hicho kilitokeza juu ya mlango wa sakafuni, ule wa kupandia kutoka chumba cha chini. Mlango ulifunguka nusu tu.

Rutter aliona. Kukisogeza kiwiko kulitaka mashimo mawili mapya katika bamba jembamba la ukuta. Kekee na ncha za kutobolea chuma vilikuwa ndani ya mfuko wake. Lakini mashimo ni ya watoboaji, na Rutter ndiye aliyemdhalilisha Laidler mbele ya watu kwa kosa la namna hiyo hiyo. Akachukua chaki akaandika ukutani: WATOBOAJI, SOGEZENI KIWIKO HIKI. Kisha akaenda kunywa chai.

Laidler alipopita akayasoma maneno hayo.

“Kabati ni la nani?” akauliza. “La maseremala. Basi mheshimiwa Rutter aje aliondoe kwanza, halafu aniombe. Na kofia aivue.”

Rutter hakuja. Wiki iliyofuata walikuja wapaka rangi. Kazi yao ni kupaka, wakapaka, na chaki ikafunikwa pamoja na ukuta. Corbridge ikashuka mtoni kwenda baharini.

Ilizisindikiza meli za mizigo katika bahari ya kaskazini, kwenye barafu, mpaka bomu la ndege lilipoanguka ubavuni mwake. Ilirudi kwetu ikivutwa, na Rutter akatumwa kuondoa mbao zilizoungua. Chumbani alimkuta baharia wa matanuri, Alwyn Treece, aliyeachwa kuilinda meli.

“Angalia kichwa, mzee,” Treece akamwambia. “Hicho chuma hakina adabu.”

“Kimefanya nini?”

“Maji yalituingilia huko chini tukiwa watano. Mlango ukagoma katikati. Sisi wembamba tukapenya kama panya. Lakini Dunstan Peart! Tulikuwa tukimtania kwamba anakula mgao wa meli mbili. Alitusukuma wote juu, mmoja mmoja. Yeye mabega yakakataa.”

Rutter akakitazama kiwiko.

“Ila tazama hapa.” Treece akaelekeza taa ukutani. Rangi haikushika vizuri juu ya chaki. Moto ulipopita ilibanduka, na maneno yakatokea herufi kwa herufi. “Kuna mtu aliona! Kuna mtu huku alitufikiria. Namtafuta nimshike mkono, halafu nimpeleke kwa mama yake Dunstan, hapo South Shields tu. Asidhani kwamba hakuna aliyejali.”

Laidler alikuwa ameingia na mashine yake ya kutobolea.

“Huyo hapo mbele yako,” akasema, bila kumtazama Rutter. “Mwandiko wake tunaujua.”

Treece akaukamata mkono wa seremala kwa mikono yake miwili. Saa ya chakula habari ilikuwa imeenea kiwanda kizima.

“Rutter, leo kaa kiti cha mbele, bwana!” mmoja akapiga kelele. “Mtakatifu wa chaki!”

“Mpeni mkate wenye nyama, wangu una njegere tupu!”

Watu walicheka. Treece alikaa karibu naye akipanga safari ya Jumapili ya kwenda kwa yule mama. Rutter hakuugusa mkate. Alifungua mfuko wake, akatoa kekee, akaiweka mezani.

“Hii nilikuwa nayo,” akasema.

“Lini, mzee?”

“Nilipoandika. Nilikuwa nayo mfukoni.”

Treece hakuelewa. “Sasa mbona hukutoboa?”

“Mashimo si kazi ya maseremala.”

Treece akatutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu amwambie kwamba ni utani. Tulitazama chai zetu. Ndipo Laidler aliposema kwa sauti ndogo, “Na mimi niliyasoma maneno yale.”

Treece akafuta viganja vyake kwenye suruali, taratibu, kama mtu aliyeshika mafuta machafu.

“Jumapili nitakwenda peke yangu,” akasema. “Nitamwambia yule mama kwamba maji yalikuwa mengi.”

Mchana ule Rutter alitoboa mashimo mawili kwa mkono wake, mbele ya watoboaji, na Laidler alimshikia taa. Sote tulisikia kekee ikisaga chuma. Hakuna aliyeweka zana chini.

Corbridge ilipoondoka tena, kiwanda kizima kilitoka hadi gatini kuipungia kofia. Rutter alibaki ndani, amegeukia benchi yake. Na habari ya Laidler langoni hatukuisikia tena kinywani mwake.