Akina Mama wa Nyavu Mbovu

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Likasi. Mbele yangu alisimama mama muuza samaki. Alimweleza karani kwamba yeye na wenzake wanataka kutoa nyavu mbovu zilizonasa kwenye matete ya ziwa, kule Kapolowe, kwa sababu zinaua samaki wadogo. Mara ya kwanza askari waliwafukuza wakidhani ni wezi, kwa hiyo sasa wanaomba ruhusa.

Karani alivua miwani. "Mama, nani anawalipa?"

"Hakuna muntu, baba."

"Munafanya bure?"

"Kama samaki inaisha, miye nitauzisha nini?" Kisha akaegemea meza, akauliza kwa upole: "Na weye, baba, nani anakulipa?"

Sote kwenye foleni tulijua kwamba makarani wa serikali hawajaona mshahara kwa miezi mingi. Karani aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Basi, mama, tuko bandugu wa kazi moja," alisema, akagonga muhuri kwa nguvu.

Jumamosi nilienda Kapolowe kununua samaki. Akina mama walikuwa majini hadi magotini, wakivuta nyavu na kuimba. Karani alikuwa katikati yao, suruali imekunjwa, tai bado shingoni.

"Miaka yote niko nagonga muhuri," aliniambia akitabasamu. "Leo ndiyo niko naona kitu inatoka."

Nikavua viatu nikaingia. Hata gazeti hili, wasomaji wangu, bado halijanilipa.