Mijakaranda ya Ruiru na Muhuti wa Njeri

"Chagua shimo lolote, mama. Yote ni sawa."

Hayo ndiyo maneno Hedimani Mbatia, mkuu wa kijiji chetu, aliniambia nikiwa bado na miche mgongoni, ukanda wa mzigo umenikata kipaji cha uso. Mbele yangu kulikuwa na mashimo yamepangwa mstari mmoja kando ya barabara ya kijiji, na udongo umesawazishwa kama sakafu. Asubuhi nilipoondoka, mahali hapo palikuwa na mti wa muhuti kwenye kaburi la mtoto wangu Njeri. Niliporudi hapakuwa na muhuti wala kaburi. Niliangalia shimo moja, nikaangalia lingine. Ni lipi?

Nirudi nyuma ndugu zangu, mjue nilifikaje hapo. Shule yangu ni ile ya ubatizo tu, lakini jambo hili naweza kulieleza.

Siku zile za emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau, tulikuwa tumefungiwa kijijini, upande wa Kiganjo, Thika. Njaa iliwachukua watoto wengi, Njeri wangu akiwemo. Tuliwazika mbio mbio ukingoni mwa kijiji, askari akisimama na kutuhimiza tumalize. Ubao wa msalaba hatukupata, kwa sababu mbao zote zilienda kujenga mnara wa hombagadi, wale walinzi wa serikali waliotoka kwetu wenyewe. Wenzangu waliweka mawe, mvua ikayameza. Mimi nilichomeka tawi la muhuti. Muhuti hauhitaji kubembelezwa. Unakata tawi nene kama mkono, unaliacha jeraha likauke, unalichomeka ardhini, unaenda zako. Tawi la Njeri likatoa majani, na mwaka uliofuata likachanua, maua mekundu kabisa, kabla ya mvua.

Ndipo Mbatia akasikia kuna wakubwa watakaokuja kukagua kijiji. Watu hawana unga, yeye anataka maua! Akaniita mimi na jirani yangu Nyambura, twende Ruiru tukachukue miche ya mijakaranda.

"Na ule muhuti wangu?" nilimuuliza.

"Nenda tu, mama. Nani ataugusa? Umejaa miiba."

Karugu, hombagadi wake, alikuwa amesimama hapo akisikia. Nawataja wote wawili makusudi.

Asubuhi tulipanda lori la changarawe, pasi zetu za ruhusa ya kutoka tumezifunga kwenye leso. Dereva aliapa atatungoja Ruiru. Nyambura akaniambia, "Nyina wa Njeri, mtu akiapa kabla hujamuuliza, jua utarudi kwa miguu."

Ruiru, karibu na Gitothua, tulimkuta Saidi, Mwislamu mmoja mzee kidogo aliyetunza kitalu cha shamba la kahawa. Alitupokea vizuri, akatupa chai ya rangi. Miche ilikuwa kwenye makopo ya mafuta, imewekewa kivuli cha majani ya migomba, kama wagonjwa.

"Mama zangu, sikilizeni," alisema. "Mbegu nililoweka kwanza. Huyu anataka maji kila jioni mpaka ashike. Mchwa wanampenda. Baridi kali hataki. Maua mtayangoja miaka."

"Na akishachanua anatupa nini?" Nyambura aliuliza. "Tunapika?"

Saidi alicheka. "Anawapa kivuli, na nyuki watakuja. Mti wake ukikauka mafundi wanachonga vitu vidogo. Lakini maua yakianguka barabarani, shika ukuta. Nimeanguka mimi mbele ya memsahibu na ndoo ya maji, akauliza kama ndoo imeumia."

Nilimwambia habari za muhuti. Kwetu ni ua wa boma la ng'ombe, ni mzinga wa nyuki, ni kigoda cha mzee. Magome yake tunachemsha, tunakandia uvimbe. Mbegu zake nyekundu watoto wanatunga shanga, na mama anawaonya wasizitie mdomoni. Njeri alikuwa nazo shingoni nilipomzika, na juu yake nikachomeka muhuti.

Saidi aliacha kucheka. "Huo usiuhamishe, dada," alisema.

Adhuhuri tulitoka, na lori hakuna. Haiya! Nyambura alikuwa tayari anakunjua ukanda wa mzigo. Tukafunga makopo ya miche mgongoni, ukanda kichwani, tukashika njia ya Juja.

Kwenye mashamba ya mkonge ya Juja jua lilituchoma bila huruma. Makopo yalikuwa na kutu, yalitukwaruza mgongo kila hatua. Mbatia alikuwa amesema mche ukikauka tutarudi kuleta mwingine, kwa hiyo tulipofika mto Ndarugu tuliinywesha miche kwanza, sisi tukafuata.

"Mimi nimezaa watoto," Nyambura alisema akimwagia kopo maji, "na hakuna hata mmoja aliyenisumbua kama huyu mzungu mdogo."

Tulicheka kando ya mto, wanawake wawili wazima. Hicho kicheko kinaniuma mpaka leo, kwa sababu wakati ule ule Karugu alikuwa na shoka.

Tulifika kijijini kabla ya kafyu. Muhuti ulikuwa umetupwa kwenye rundo la takataka, mizizi juu. Ukingo wote ulikuwa umechimbwa na udongo kumwagwa barabarani. Nilimuuliza Karugu aliung'oa wapi. Akasema, "Huko huko." Nikamgeukia Mbatia, naye akaniambia nichague shimo.

Wale wakubwa hawakuja. Mijakaranda mingi ililiwa na mchwa, iliyobaki haijatoa ua hata moja. Nilikata tawi kwenye lile rundo, nikalichomeka nyuma ya nyumba yangu. Likashika bila maji. Sasa linachanua vizuri sana, na chini yake hakuna mtu.

Hilo ndilo nililojifunza katika safari ya Ruiru: mti naweza kuupanda tena popote, lakini mahali sina. Vijiji vimefunguliwa, na Mbatia ana duka zuri hapa Thika, anasalimia watu kanisani. Mbatia, salamu zako sitaki. Njoo na Karugu, mchana, watu wakiona. Pita na jembe kwenye mstari wa mijakaranda yako, usimame mahali pamoja, useme: Njeri yuko hapa.