Mama Aliyenionyesha Njia Richfield

Najua utasema nilikuwa mgeni, nimechoka, na baridi ikanichezea akili. Kaka yangu alisema hivyo hivyo. Lakini kuna mtu mwingine aliyeona, na nitakufikisha kwake. Nisikilize kwanza.

Nilitoka Mombasa nikafikia kwa kaka yangu Salim na mkewe Rukia, huko Richfield, kando ya Minneapolis. Wifi akanitafutia kazi ya kuhudumia wazee. Kazi haikunishinda. Kilichonishinda ni ukimya. Majirani walijifungia ndani, watoto wa kaka walinijibu kwa Kiingereza, na barabara zote zilifanana. Salim na Rukia walifanya kazi zamu tofauti, kwa hiyo mara nyingi nilirudi nyumbani nikakuta sufuria tu.

Jioni moja, theluji nzito ya kwanza ilikuwa imeanguka. Kila nilichokuwa nimekifanya alama ya njia kilikuwa kimefunikwa, nikateremka basi kituo kisicho changu. Simu ilizimika kwa baridi. Giza lilikuwa limeshaingia, wala haikuwa usiku, usinielewe vibaya. Ni kwamba majira hayo jua la kule huzama watu wangali makazini. Nilisimama pale nisijue kulia wala kushoto, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wenda wapi, mwanangu?"

Hebu fikiria. Kiswahili cha Mji wa Kale, cha bibi zetu, katikati ya theluji! Niligeuka nikamwona mama wa makamo, amejitanda leso, miguuni ana champali, vidole wazi thelujini. Ningeshtuka, sivyo? Wallahi sikushtuka. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Tangu nifike nchi ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza nimepotea, nikamtajia mtaa wa kaka.

"Si mbali," akasema. "Njia ni hini. Nifuata."

Tukaingia uwanja mpana, mweupe, hauna mti wala nyumba. Yeye mbele, mimi nyuma. Aliniuliza habari za mama yangu, nami nikamweleza mambo ambayo hata Salim sikuwa nimemwambia: kwamba nataka kurudi, kwamba naona haya kurudi. Alikuwa akiitikia tu, "Enhe, enhe." Nilipumua kwa nguvu na mvuke ukanitoka mdomoni kama birika. Ndipo nikagundua kwamba yeye, kila anaposema, hatoi mvuke wowote. Nikatazama chini. Aliponitangulia, theluji ilikuwa laini, haina hata unyayo mmoja.

Nilitaka kusimama. Miguu ikaendelea. Niamini, sijui kwa nini iliendelea.

Kisha nikasikia honi kwa nyuma, ndefu, haikomi. Mwanamume alikuwa amesimamisha gari barabarani, taa zinawaka, ananiita kwa Kiingereza. Sikugeuka. Akajaribu Kiswahili, Kiswahili cha Kongo.

"Mama, rudia hapo! Ile ni mayi!"

Maji? Maji gani? Nikakanyaga tena, na chini yangu kitu kikalia kama ubao unaopasuka. Ule haukuwa uwanja. Lilikuwa ziwa, na barafu yake bado changa. Nilirudi nikifuata nyayo zangu mwenyewe, polepole, yule mama akiniita nyuma kwa sauti ileile ya upole, bila hasira. Nilipofika ukingoni yule Mkongo akanishika mkono, akanifunika koti lake. Jina lake Mzee Kalala, alikuwa akitoka kiwandani. Alitazama ziwani muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na ule mwenzako, ameenda wapi?"

Sasa niambie. Kama ni uchovu, uchovu wangu yeye aliuonaje?

Salim hakutaka kusikia. Rukia alinisomea dua na kunikanda vidole, lakini viwili vya mkono wa kushoto havijapata hisia mpaka leo. Mzee Kalala alibadilisha njia yake ya kurudi nyumbani. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana afya, na ziwa hatulitaji.

Kinachonichanganya si kwamba nilimwona. Ni kwamba sijui alinitakia nini. Alitaka kunizamisha? Au naye alipotea hapo zamani, akidhani kweli anakwenda nyumbani, akafurahi kupata mwenzake? Nimeuliza masheikh wawili, kila mmoja amenipa jibu lake. Kuna siku namwogopa. Kuna siku, Mungu anisamehe, namkumbuka kwa hamu.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, nakuonya. Watakuambia ujihadhari na baridi, na watu usiowaelewa lugha. Sawa, jihadhari. Lakini mimi nilikaribia kufa nikimfuata mtu ambaye nilimwelewa kila neno.