Sare Iliyofuliwa na Setla

Msichana wa darasani kwetu aliyenimwagia rangi kwenye blezi yangu ya shule alikuja mlangoni na chokoleti. Anataka kesho niwaambie walimu kuwa ilikuwa bahati mbaya, asije akafukuzwa. Kwa haya nilifunga mlango, nikamwacha palepale nje, nikarudi jikoni. Bibi alikuwa anachambua mchicha, na alikuwa amesikia yote. Haya ndiyo aliyoniambia, nayaandika kama alivyoyasema.

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu, na naikumbuka kwa harufu kabla ya kitu kingine: moshi wa mabua ya nyanya. Nilikuwa nesi mgeni hapa London, nimepanga chumba mtaa wa Edmonton kwa Mama Rehema, mwanamke wa Mombasa aliyeletwa na mume baharia, mume akafa, yeye akabaki na nyumba. Nilikuwa na haya kama wewe. Hata kondakta wa basi nilimpa nauli bila kufungua mdomo.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mabanda ya vioo ya kuoteshea nyanya. Moja lilikuwa la mzungu mzee aliyewahi kuwa setla Kenya. Shamba la kule lilimtoka baada ya uhuru, na hili la huku lilikuwa linamfia mikononi. Basi akafanya alivyozoea kule: msimu ukiisha, kusanya mabua, tia kiberiti. London hii! Mahali ambapo kuchoma taka ovyo ni marufuku. Tena siku ya jua, kila mtu ameanika. Sare yangu nyeupe ikageuka rangi ya chai, nami sikuwa na nyingine safi. Nikaivaa hivyo hivyo, na sista wa wadi, nesi mkuu wetu, akanisema mbele ya wagonjwa. Nililia chooni.

Halmashauri ikampiga faini. Akaenda kuomba apunguziwe, akaambiwa alete majirani waliofikiwa na moshi, waseme neno. Wazungu wenzake wakamfungia milango. Ndipo akaja kwetu na kikapu cha nyanya.

"Jambo. Mama iko?" akaita nje ya mlango.

Mwanangu, Kiswahili kile nilikijua. Kule Nakuru baba yangu alikuwa kibarua wa setla mwingine, na setla huyo alimkata mshahara kwa lango lililoachwa wazi, kwa kikombe kilichovunjika, nadhani hata kwa kikohozi. Neno faini nililijua kabla sijajua kusoma.

Nikamnong'oneza Mama Rehema, "Usimfungulie. Huyu anataka tuiongopee serikali."

"Kwani nimesema tutaongopa? Bandika maji ya chai. Kwangu mtu haelezi shida yake akiwa mlangoni."

"Na hizo nyanya zake?"

"Nyanya hazijakukosea kitu."

Mzee akaketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Nilimtazama mikono, nikamtazama macho, natafuta ujanja uko wapi. Akasema akilipa faini yote banda litauzwa, na hana pengine pa kwenda. Akatuomba tuseme moshi haukutudhuru.

"Umeona?" nikasema. Lilinitoka kwa sauti, mwenyewe nikashtuka.

Mama Rehema akaniagiza niilete ile sare. Akaitandaza magotini mwa mzee, juu ya kofia yake.

"Huyu binti ndiye uliyemkosea. Umekwenda ofisini, umegonga mtaa mzima, yeye hujamwomba radhi. Sasa unamtakaje akutetee?"

Mzee akanigeukia. Kabla hajasema, nikamuuliza mimi, "Kule Kenya, uliwahi kumsamehe mtu faini?"

Aliitazama ile sare magotini mwake.

"Hapana," akasema. "Hata mara moja."

Nakwambia kweli, nilikuwa nangoja aseme ndiyo, nimshike uongo. Sasa sikujua la kufanya.

"Basi," Mama Rehema akasema, "bafu lile pale, na sabuni ipo. Fua."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akainama. Nilisimama mlangoni kumchunga, nione kama atasugua kola au atalowesha tu. Alisugua kola. Alisugua makwapa. Maji yakawa ya kijivu, akayamwaga, akatia mengine. Akasema bila kugeuka, "Mimi pole sana." Nikamwambia, "Fua."

Doa la begani halikutoka.

Tulikwenda naye halmashauri. Karani akaniuliza kama moshi ulinidhuru. Mzee akanitazama.

"Ndiyo," nikasema, na sauti ilitetemeka. "Uliharibu sare yangu, nikaaibishwa kazini. Ameniomba radhi na ameifua kwa mikono yake. Doa moja limebaki. Naomba mumpunguzie."

Karani akaangalia bega langu, maana ile sare niliivaa makusudi. Akapunguza faini, na iliyobaki akamruhusu alipe taratibu. Banda halikuuzwa.

Mama Rehema alizipika zile nyanya na samaki. Mimi sikula. Mpaka leo sijui kama mzee yule alijuta, au alifua ili faini ishuke. Tukikutana njiani alinivulia kofia, nami nikamjibu, lakini mkoba nikiubana kwapani.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii umwamini huyo mwenzako. Mshuku. Shaka yako ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Ila isikusemee. Usiwaongopee walimu kwa sababu ya chokoleti, wala usitie chumvi kwa sababu ya hasira. Kwanza akuombe radhi wewe, uso kwa uso, na blezi aifue mwenyewe, nawe usimame hapo umwangalie. Halafu kesho useme yote, la kumwaga rangi na la kufua. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke.

Mungu akupe ulimi usiomwogopa mtu wala kumwonea mtu. Akukinge na wanaokukosea, na akukinge usije ukafanana nao. Haya, kamfungulie, bado yuko pale nje kwenye baridi. Maji ya chai nimeshabandika.