Panzi Abadili Mguu

Fundi cherehani alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeitwa Panzi, na ole wake mteja aliyethubutu kuuliza habari zake: nguo haikukatwa mpaka habari ziishe. Watu walishazoea kuingia na kitambaa na kutoka na historia.

Historia ilianzia kwenye mtaro mbele ya duka. Wengine waliuzunguka, Panzi aliuruka, tena akiwa amekumbatia mashati ya watu. Mwalimu mmoja wa michezo aliyekuja kupimwa suruali alimwona, akasahau suruali. Haikupita miaka mingi Panzi akawa bingwa wa taifa wa kuruka chini, mchezo ule wa kukimbia, kukanyaga ubao na kutua mchangani. Ubingwa akaushika msimu hadi msimu, kana kwamba kaushonea mfukoni.

Kisha goti la kushoto likamgeuka, na mguu huo ndio aliokanyagia ubao. Daktari alimwambia atatembea vizuri tu, ila asiutumie tena kurukia. Panzi akarudi dukani kushona vifungo, na Fundi siku hizo akawa anakata nguo bila historia.

Asubuhi moja Panzi aliinua macho kutoka kwenye kifungo.

"Dada, kwani mguu wa kulia una kazi gani?"

Mwalimu wa michezo alipoambiwa alicheka, halafu akaona Panzi hacheki. Kubadili mguu wa kurukia ni kama kubadili mkono wa kushikia mkasi: kichwa kinaelewa, mwili unagoma. Panzi alianguka vibaya, akashindwa na vitoto vya shule. Gazeti likaandika kwamba amekwisha. Fundi alilisoma lote, kisha akalikata kuwa patani, kiolezo cha kukatia kaptula, upande wa makalio.

Siku ya fainali ya taifa Panzi alimwambia dada yake kuwa akishindwa safari hii, basi, anastaafu. Fundi akakaa karibu na uzio.

Mruko wa kwanza, kibendera chekundu: amevuka ubao. Wa pili, vilevile. Fundi, aliyemwona akifanya mazoezi kila jioni, alijua tatizo haliko ubaoni. Kwa kiherehere, Panzi alikuwa anaanza kukimbia kwa mguu wa kushoto, kama alivyozoea miaka yote, hivyo akifika ubaoni hatua zinamkataa. Ilibaki nafasi ya mwisho. Fundi akamwita mbele ya watu wote.

"Mdogo wangu, huo wa kushoto umeshastaafu. Uache upumzike."

Panzi akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatazama miguu yake, akabadilisha wa mbele na wa nyuma, akaondoka. Ubao ukalia chini ya mguu wa kulia. Alikaa hewani mpaka Fundi akasahau kupumua, akatua mchangani, na kibendera cheupe kikapanda. Hakuifikia rekodi yake mwenyewe, lakini wenzake wote aliwaacha nyuma.

Jirani kwenye uzio akasema kwa furaha kwamba yule bingwa wa zamani amerudi. Fundi alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta.

"Yule wa zamani alizaliwa nao mguu wake," alimjibu. "Huyu kajitengenezea."